Jumuiya ya Afrika Mashariki "ya wananchi": nani hapa Lamu amewahi kuulizwa?

#1 Mkunguni_Kwetu
Salaam wadau.

Nalitupa hili uwanjani, mlicheze mtakavyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Fungueni Ibara ya 7. Kanuni ya kwanza ya uendeshaji, kabla ya nyingine zote, yasema ushirikiano huu utamlenga mwananchi na kuongozwa na soko. Haikuwekwa pale kwa mapambo. Utangulizi wa mkataba huohuo unaeleza kwa nini jumuiya ya 1967 ilivunjika 1977, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba sekta binafsi na asasi za kiraia hazikushirikishwa vya kutosha.

Haya, miaka ishirini na tano na ushei imepita. Nitajieni mtu mmoja wa Amu, Shela, Matondoni, Faza, Kiunga au Mpeketoni ambaye Jumuiya imewahi kumuuliza jambo lolote. Sisemi kuambiwa, nasema kuulizwa. Dai langu: hayupo, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Ndivyo ilivyopangwa. Nipingeni.

#2 Boti_ya_Mokowe
Mimi nimeulizwa. Mpakani, naenda Tanga. "Kadi ya homa ya manjano iko wapi?" Nihesabu.

#3 Wakili_wa_Langoni
Mleta uzi ana hoja, ila "ndivyo ilivyopangwa" umezidisha chumvi. Ibara ya 30 inampa mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama haki ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga sheria, uamuzi au kitendo cha serikali au cha taasisi ya Jumuiya kinachokiuka Mkataba. Humpitii mbunge, humpitii gavana, wala hulazimiki kuzimaliza kwanza mahakama za Kenya.

Na si maneno ya karatasini. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa ya wabunge wa Afrika Mashariki bila kura kupigwa. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Arusha, mahakama hiyo iliko. Novemba mahakama ikazuia wale tisa wasitambuliwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi. Mwaka 2014 shirika la kutetea wanyama lenye makao yake Kenya likaishinda serikali ya Tanzania kuhusu barabara ya lami iliyotaka kukatiza Serengeti. Mlango upo, sisi ndio hatupigi hodi.

#4 Mkunguni_Kwetu
Wakili, kisa umekikatia patamu. Malizia basi. Desemba 2006, kesi ya Nyong'o ikiwa bado mezani, wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba harakaharaka. Wakaigawa mahakama iwe na kitengo cha rufaa, wakaongeza sababu za kuwaondoa majaji, na wakamwekea mwananchi kikomo cha miezi miwili cha kufungua kesi. Hapo uliulizwa wewe?

#5 Wakili_wa_Langoni
Sikuulizwa, na hilo nalo likafikishwa mahakamani. Chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki kilishtaki, na 2008 mahakama ikasema kuurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha watu kulikwenda kinyume na roho ya Mkataba wenyewe. Ila haikuyafuta marekebisho yale. Ikasema sharti hilo lishikwe kuanzia pale kwenda mbele. Kwa hivyo hukumu ya kwamba uulizwe ipo.

#6 Boti_ya_Mokowe
Yaani walishinda kesi, na walichokishtakia kikabaki vilevile? Ushindi huo wa wasomi wa Langoni. Sisi Mokowe twauita kushindwa.

#7 Mwalimu_Mpeketoni
Mnazunguka mbuyu. Shida iko bungeni. Kila nchi ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, na hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na raia. Ibara ya 50 imeliachia Bunge la Taifa kazi hiyo. Mimi huwafundisha watoto wa sekondari habari za Jumuiya, nao huniuliza, "Mwalimu, mbunge wetu wa Arusha ni nani?" Nikiwaeleza kwamba hawa wamechaguliwa na wale mliowachagua kwa jambo jingine kabisa, darasa lote huangua kicheko. Mtu ambaye hategemei kura yako atakuja Lamu kutafuta nini?

#8 Binti_Faza
Mwalimu, nikurekebishe kidogo. Kwa Kenya hupiga kura wabunge na maseneta pia. Novemba 2022 walipiga hivyo, na kati ya tisa waliopita wamo watu wa Pwani: Hassan Omar aliyekuwa seneta wa Mombasa, na Suleiman Shahbal. Kwa hiyo usiseme Pwani haina mtu.

#9 Mwalimu_Mpeketoni
Sawa, mabunge yote mawili. Kura yangu bado haimo. Na Pwani kuwa na mtu si sawa na mtu huyo kuja Pwani.

#10 Ami_Nahodha
Vijana, mwazungumza kana kwamba Jumuiya ilizaliwa Arusha.

Jahazi za Amu zilipakia boriti za mikoko, zikashuka na kaskazi hadi Mombasa, Tanga na Unguja, zikapanda na kusi zikirudi. Nahodha alikuwa na mke Amu na mke Tanga, na watoto walijuana. Hapana aliyemuuliza mtu maoni yake kwa kuwa hapakuwa na wa kuuliza. Baadaye serikali zikaja na jumuiya yao ya reli, bandari na posta. Ilikuwa nzuri, siikatai. Stempu ya barua ilikuwa na majina ya nchi zote tatu, waibandika hapa yafika Dar. Kisha wakubwa wakagombana. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka sita mtu hamzuru dadake. Mamangu mdogo alifiwa Tanga katika miaka ile, tukasoma hitima huku, wao wakasoma kule.

Sasa mwaniambia shida ni wananchi kutoshirikishwa. Wananchi walishirikiana wenyewe kwa wenyewe karne na karne. Serikali ndizo zilizotaka kushirikishwa, na zilipochoka zikabwaga. Mimi sitaki kuulizwa. Nataka nisizuiwe, basi.

#11 Mwana_wa_Unguja
Ami, heshima yako. Hilo la mwisho nalikazia. Mimi ni wa Malindi ya Unguja, si Malindi yenu, na babu yangu mzaa mama ni wa Siyu. Nikija Amu natafuta nyumba kwa ukoo, siitafuti kwa anwani.

#12 Kiunga_Mwisho
Ami, nyinyi kusini mlifungiwa miaka sita na mpaka leo mnasimulia. Sisi huku kaskazini tuseme nini?

Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa kirasmi wakati wa vita, 2011. Mei 2023 serikali ikatangaza itaufungua kwa awamu: Mandera kwanza, kisha Liboi, kisha sisi Kiunga na Ras Kamboni ndani ya siku 90. Watu walianza kutengeneza mashua, wallahi. Julai ikaja habari kwamba imeahirishwa kwa sababu ya mashambulizi. Kuna roho zilizopotea, sitaki kufanya jambo hilo rahisi. Lakini angalieni kalenda. Novemba 2023 Somalia ikakubaliwa kuingia Jumuiya, na Machi 2024 ikawa mwanachama kamili, wa nane. Mbajuni wa Kiunga na Mbajuni wa Kismayu wakawa raia wa Jumuiya moja, iliyo na itifaki ya soko la pamoja yenye uhuru wa watu na bidhaa kupita, tangu 2010. Kwenye karatasi sisi ndio tulio katikati ya Jumuiya. Kwenye ardhi sisi ndio mwisho wa barabara.

Nani alikuja Kiunga kutuuliza Somalia iingie au isiingie, na ikiingia sisi tuishi vipi? Si Nairobi, si Arusha.

#13 Kijana_wa_Malindi
Hapa sasa pameiva. Ila ndugu zangu wa Lamu, mnapenda kujililia. Nyinyi ndio mabingwa wa kushirikishwa kwa lazima katika pwani hii yote! Nani alikuja kwetu Malindi, Mahakama Kuu, akashinda kesi ya bandari? Wavuvi wa Lamu. Mwaka 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi karibu 4,600. Nani aliufuta mradi wa makaa ya mawe? Kibali cha mazingira kilifutwa Juni 2019 na Baraza la Taifa la Mazingira. Kesi zote mbili zilisimama juu ya nguzo moja: umma haukushirikishwa ipasavyo.

Na LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, si mradi wa kijiji. Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir walisimama hapo Lamu tarehe 2 Machi 2012 kuuzindua. Mradi wa viongozi wa nchi tatu, nyinyi mkaubana kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kwa sababu Kifungu cha 10, kinachotaka umma ushirikishwe, kina meno. Mkataba wa Arusha una ufizi tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi: msitafute Jumuiya. Kamateni serikali yenu, Jumuiya itafuata.

#14 Mvuvi_Kizingitini
Malindi umesema, lakini usituvike koja kabla ya arusi. Hukumu 2018. Hebu waulize wavuvi wamesubiri mpaka lini kuiona hiyo fidia.

Mimi nina jambo jingine, sijaona mtu akiligusa. BMU. Kila bandari ya wavuvi huku ina kikundi chake cha usimamizi wa ufuo, na wavuvi wenyewe huchagua viongozi wao. Wengi hawajui kwamba kwenye Ziwa Victoria vikundi kama hivi vipo Kenya, Uganda na Tanzania, vyote vikiwa chini ya mwongozo wa shirika moja la uvuvi la ziwa lenye makao Jinja, lililoundwa kwa mkataba wa nchi tatu wa 1994 na sasa ni taasisi ya Jumuiya. Mvuvi wa Homa Bay na mvuvi wa Mwanza wana pa kukutana. Wakigombana kuhusu nyavu au kukamatana mpakani, na hukamatana sana, kuna chombo.

Mimi na mvuvi wa Pemba tuna chombo gani? Samaki ni mmoja, kusi ni moja. Kwa hiyo nakataa kwamba Jumuiya haiwezi kumfikia mtu wa chini. Ziwani imemfikia. Baharini haikujali.

#15 Binti_Faza
Mvuvi, mkataba wa shirika hilo la Jinja ulipanuliwa baadaye, 2016, uhusu nchi zote za Jumuiya na maji yake, si ziwa pekee.

#16 Mvuvi_Kizingitini
Basi mwambie afike. Kizingitini si mbali, aulize gati.

#17 Boti_ya_Mokowe
Akija nitamvusha bure. Kurudi atalipa.

#18 Posho_Kwanza
Jina langu litawachekesha lakini nina kisa. Nimefanya kazi na asasi za kiraia miaka mingi, kwa hiyo nasema nikiwa ndani.

Jumuiya ina utaratibu rasmi wa majadiliano na asasi za kiraia, sekta binafsi na makundi mengine. Ulipitishwa 2012, na kutoka hapo Katibu Mkuu akawa na jukwaa lake la kukutana na wadau. Kwa hiyo mtu akisema hakuna utaratibu, si kweli. Uliza nani anakaa kwenye kile kiti. Anakaa mwenye ofisi Nairobi, Kampala au Arusha, mwenye mfadhili, mwenye kuandika ripoti.

Mara moja nikaalikwa kikao kimoja, hotelini, Mombasa. Asubuhi hotuba. Saa nne chai. Hotuba tena. Baada ya chakula cha mchana wakagawa waraka, mzito, wa Kiingereza, wa kurasa nyingi. Saa tisa na nusu mwezeshaji akauliza, "Kuna maoni?" Mama mmoja wa ushirika wa wauza samaki akanyanyua mkono, akaomba aelezwe kwa Kiswahili hiyo sura ya tatu inasemaje. Mwezeshaji akatazama saa. Foleni ya kusaini posho ilikuwa imeshafika mlangoni. Waraka "ukapitishwa na wadau". Mimi ni mmoja wa hao wadau, saini yangu imo, na yule mama pia.

Hivyo sababu yangu mimi ni fedha. Ushiriki ukilipwa na mfadhili, mfadhili ndiye anayeshiriki.

#19 Mkunguni_Kwetu
Posho, hii ndiyo habari niliyoitaka. Asante. "Waraka ukapitishwa na wadau." Naiweka akiba.

#20 Mwana_wa_Unguja
Na lugha je? Mbona mnaipita? Ibara ya 137 ya Mkataba ilisema lugha rasmi ni Kiingereza, na Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano. Yaani bwana harusi Kiingereza, Kiswahili mpiga ngoma. Ni hadi 2021 ndipo wakuu wa nchi walipokubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko hapa kwetu Unguja, na 7 Julai, siku ileile Mkataba ulipoanza kutumika, ni Siku ya Kiswahili Duniani. Sherehe zafana. Lakini nyaraka zinazomgusa mchuuzi na mvuvi ni ngapi utazikuta kwa Kiswahili?

Mimi naamini mambo yote mliyoyataja, kesi, wabunge, semina, ni matawi. Shina ni kwamba shughuli nzima inaendeshwa kwa lugha ambayo mwenye Jumuiya hailali wala haiamki nayo.

#21 Mwalimu_Mpeketoni
Sikubaliani. Hapa Mpeketoni wengi wetu nyumbani tunaongea Kikuyu, Kiswahili tumejifunza kama wengine. Na nenda Juba, nenda Mogadishu na Kiswahili chako uone. Bunge la Kenya linaruhusu Kiswahili tangu zamani, je, Mlamu anashiriki zaidi? Lugha ni kisingizio kizuri kwa sababu hakimuudhi mtu.

#22 Mwana_wa_Unguja
Mwalimu, kisingizio ni kusema Juba hawajui. Wakati Mkataba unaandikwa Juba haikuwemo. Ilikuwa ni nchi tatu, zote zaongea.

#23 Kijana_wa_Malindi
Pigeni, sisi twashika saa.

#24 Mama_Kofia
Hamjambo wanangu. Mimi si msomi, nauza kofia. Zile za mkono, za kutoboa na kushona, ambazo mtu aweza kukaa nazo miezi kuimaliza moja. Napeleka Mombasa, na kabla ya Maulidi na mwezi wa Ramadhani napeleka Tanga na Unguja.

Safari moja nilikuwa na mfuko wa kofia, afisa mpakani akatoa moja, akaigeuza ndani nje, akaniuliza, "Zimetengenezwa kiwanda gani?" Nikamwonyesha vidole vyangu, vina sugu hivi. Akasema bila karatasi ya kiwanda hajui kama ni za Kenya au za Uchina. Kofia ya vito ya Amu, ati ya Uchina! Nikalipa ushuru nisiojua wa nini, nikafika Tanga faida imekwisha. Sasa mwaniuliza kama Jumuiya imewahi kuniuliza. Iliniuliza, na jibu langu haikulitaka.

#25 Wakili_wa_Langoni
Shangazi, pole sana. Na hapo ulionewa. Chini ya Umoja wa Forodha ulioanza 2005, bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka wa ndani, ikithibitishwa asili yake. Na kwa mchuuzi mdogo kuna cheti chepesi cha asili: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Hutolewa palepale kituoni na afisa wa forodha. Huhitaji kiwanda wala wakala.

#26 Mama_Kofia
Mbona yeye hakuniambia?

#27 Boti_ya_Mokowe
Shangazi, angekwambia angekula wapi?

#28 Posho_Kwanza
Wakili, cheti hicho kipo kwa sababu wanawake wachuuzi wa Busia na Malaba walipiga kelele miaka na miaka na watu wakawasikiliza. Lakini elimu yake hubandikwa ukutani ofisini. Mtu anayevuka na mfuko kichwani hasomi kuta za ofisi.

#29 Mkunguni_Kwetu
Na tukiwa hapohapo kwa shangazi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara kumi na tano: rejareja, saluni, kutengeneza simu, wakala wa pesa za simu, uongozaji watalii na nyingine. Kenya ikalalamika. Soko la pamoja liko wapi, na nani aliwauliza wachuuzi, wa pande zote mbili?

#30 Mwana_wa_Unguja
Amri ile ni ya Bara. Huku Zanzibar biashara ina sheria zake. Na nikuulize na wewe: machinga wa Kariakoo aliyefurahi siku ile, yeye si mwananchi? Akiulizwa angesema fungeni kabisa. Nyinyi mwadhani wananchi wakiulizwa watajibu Jumuiya, Jumuiya! Zile kamati zilizopita 2006 na 2007 kuuliza kama shirikisho la kisiasa liharakishwe, Watanzania wengi walisema taratibu. Waliulizwa, wakajibu, na mpaka leo mwawanunia.

#31 Mwalimu_Mpeketoni
Ahaa! Kumbe kuna waliokuja kuuliza. Mleta uzi, kamati hizo za 2006 zilikuwa za Kenya pia. Na 2023 wataalamu wa katiba ya shirikisho legevu, wakiongozwa na Jaji mstaafu Odoki wa Uganda, walikusanya maoni Kenya, baada ya Burundi na Uganda. Dai lako la "hayupo hata mmoja" limetoboka.

#32 Mkunguni_Kwetu
Limetoboka Nairobi. Nimesema Lamu. Aliyemwona Jaji Odoki hapa Amu, uwanjani Mkunguni, aje aseme hapa.

#33 Ami_Nahodha
Mkunguni wapita watu wengi, na punda wengi zaidi.

#34 Binti_Faza
😂😂 Ami!

Ila kwa upande wangu, Mwana wa Unguja ndiye aliyenigusa. Sote humu twakwenda kwa dhana kwamba mtu wa chini yuko upande wa muungano na mkubwa ndiye kikwazo. Ami asema serikali zilivunja 1977. Vipi kama wakati mwingine ni sisi? Wakija wachuuzi wa kutoka nje kuuza kofia za mashine hapa Amu kwa bei ya kutupa, shangazi atasema karibuni?

#35 Mama_Kofia
Sitasema karibuni. Nitasema nunueni muone zikifuliwa.

#36 Kijana_wa_Malindi
Shangazi apewe ubunge wa Arusha leo hii.

#37 Kiunga_Mwisho
Mwacheka, nami nacheka. Lakini Wakili, nataka jibu la kweli. Umesema mtu yeyote aweza kwenda Arusha. Mimi wa Kiunga naweza kushtaki kuhusu mpaka? Somalia ni mwanachama, Kenya ni mwanachama, soko la pamoja lipo. Sina shirika wala mfadhili. Nina kitambulisho na mashua.

#38 Wakili_wa_Langoni
Haki ya kushtaki unayo, hilo halina ubishi. Mawili yatakusumbua. La kwanza ni usalama: serikali itasema itifaki yenyewe inaruhusu mipaka ya uhuru huo kwa sababu za usalama wa umma, na ni kweli inaruhusu, hivyo utahitaji kuonyesha kwamba kufunga kabisa kumepita kiasi. La pili ni ile miezi miwili. Yaanza kuhesabiwa tangu siku ya uamuzi au kitendo unachokilalamikia, na kama hakuna siku hiyo, tangu ulipopata habari. Kitengo cha rufaa kimekuwa kikali hapo, hakikubali kwamba kosa linaloendelea kila siku lakuzalia muda mpya kila siku.

#39 Mkunguni_Kwetu
Unaona sasa? Mpaka ulifungwa 2011, Somalia ikaingia 2024, miezi miwili ikapita watu wakiwa wanapongezana. Niliposema ndivyo ilivyopangwa mkasema nimezidisha chumvi.

#40 Wakili_wa_Langoni
Kikomo kipo mahakama nyingi za dunia. Huu wa miezi miwili ni mfupi, nakubali, na ulitungwa kwa hasira. Lakini mfupi haumaanishi umefungwa. Kila tangazo jipya ni uamuzi mpya, na uamuzi mpya una tarehe yake.

#41 Kijana_wa_Malindi
Mimi bado nasema nenda Mahakama Kuu yako kwanza. Ni karibu, na majaji wamezoea kuwaona nyinyi.

#42 Mvuvi_Kizingitini
Nauli ya Arusha atatoa nani? Msimpeleke mtu wa Kiunga kwa maneno.

#43 Posho_Kwanza
Kesi hufunguliwa pia kwenye masjala ndogo za mahakama hiyo katika miji mikuu, Nairobi ikiwemo. Wakili wa kujitolea ndiye kazi kumpata.

#44 Kiunga_Mwisho
Wakili yumo humuhumu, keshajitangaza. Basi wakitangaza chochote tena kuhusu mpaka, wafungue, waahirishe, wageuze, mimi napanda mashua siku hiyohiyo nakuja Langoni.

#45 Wakili_wa_Langoni
Njoo na gazeti lenye tarehe. Bila tarehe tutabaki kupiga soga.